Jalada la Tarehe 31 Septemba

Folio 1
Bweni la Wanawake, Chumba 14
9 Novemba

Mwanangu Afisa,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hata hujamaliza kuchana bahasha. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, kwa sababu chumba changu kiko ghorofa ya nne na lifti yao imebandikwa karatasi inayosema inatengenezwa, na karatasi yenyewe imeshaanza kupauka. Mwambie baba yako nimefika salama, na lile begi alilosema litakatika mkono halijakatika. Mwambie bibi yako avae miwani. Haikutengenezwa ili ikae kabatini ikitazama sahani.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Simu ni ya misiba na kuulizana kama mvua imenyesha. Jambo la maana linataka karatasi, na karatasi inataka namba, ndiyo maana juu umeona Folio 1. Yako itakuwa Folio 2, uandike kwa kalamu nyekundu, juu kulia. Umemaliza shahada nzima ya Utawala wa Umma, na sina hakika kama kuna mtu aliwahi kukuonyesha karatasi inapigwa namba wapi.

Siku ya kujiandikisha nilifika ukumbini na fomu yangu mkononi. Kijana wa mapokezi akanishika mkono kwa heshima zote, akanipeleka viti vya nyuma. "Mama, wazazi wanasubiri hapa." Nikakaa, maana nilikuwa nimechoka na kiti ni kiti. Jina langu lilipoitwa nikasimama, na ukumbi mzima ukageuka kumtafuta mwanangu yuko wapi. Nikapita katikati yao na miaka yangu arobaini na minane, nikatia saini.

Darasani tuko mia na themanini. Jirani yangu ni msichana mwenye vipuli vikubwa kama vikuku, ananiita Mama na ananakili daftari langu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Juzi mhadhiri alitumia saa mbili kutueleza kwamba ofisi ni ngazi, kila mtu na mkubwa wake, kila neno kwa maandishi. Miaka ishirini na minne nimeyafanya hayo nikidhani ni kazi, kumbe ni nadharia. Nakwambia kweli, ninafurahi huku. Usimwambie baba yako, atasema alijua.

Sasa la muhimu. Ofisi imekuweka masjala kwa mwaka wako wa mafunzo, nami nimekuachia kiti changu kwa moyo mweupe, lakini vidole vyako vinanitia shaka. Usihamishe kitu. Lile kabati la vijumba thelathini na kimoja nyuma ya mlango ndilo roho ya chumba. Kila jalada linalotakiwa kurudi mezani kwa Mkuu lina tarehe yake ya kuletwa, nimeiandika kwa penseli kwenye kona, na linalala katika kijumba cha tarehe hiyo. Kila asubuhi fungua kijumba cha leo, toa majalada ya mwezi huu, ya miezi mingine yaache yalale. Miaka yote hiyo sijawahi kulaza jalada kupita siku yake, na hakuna anayeweza kusimama akasema nimelaza.

Msalimie Dada Chapu, asiache kufuta vumbi juu ya rafu.

Shangazi yako


Folio 2 (nyekundu, kulia, uridhike)
Masjala
28 Novemba

Shangazi yangu,

Shikamoo ya pili, ile ya kwanza uliijibu kabla sijaitoa. Nyumbani wote wazima. Baba ananiuliza kila siku kuhusu mkono wa begi, na nadhani amekasirika kidogo kwamba haujakatika. Bibi sasa anavaa miwani, ila anaivaa kwenye paji la uso. Anasema inamsaidia kufikiri. Mtoto wa kaka ameota meno mawili na amemng'ata nesi wa chanjo.

Nimekaa kwenye kiti chako siku ishirini na nimegundua shahada yangu haina macho. Jana alikuja fundi bomba mmoja mstaafu kuulizia jalada lake. Nilitafuta nusu saa, herufi kwa herufi, huku nikimweleza habari za huduma inayomjali mwananchi. Dada Chapu akapita na ndoo yake ya kudekia. Akaiweka chini, akapiga hatua tatu, akavuta jalada, akanikabidhi, akachukua ndoo. Mzee akamshukuru yeye. Huyu mama anajua kila kitu kilipo, kwa sababu kila kitu amekifuta vumbi.

Ndiyo maana nakuuliza. Aliomba tena ruhusa ya masomo, akasomee cheti cha utunzaji kumbukumbu hapo hapo chuoni kwako. Leo ombi limerudi na mstari ule ule: mwombaji hajathibitishwa kazini. Ni mara ya tano. Ana miaka arobaini na tisa, Shangazi, na udhamini wa ofisi unakomea miaka hamsini. Anaitimiza Mei. Amebakiwa na dirisha moja tu la maombi, linalofungwa tarehe 30 Aprili, likimpita ndiyo basi. Aliisoma barua amesimama, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, akaniuliza kama nataka chai.

Mtu wa hivi anakaaje miaka saba bila kuthibitishwa? Wewe ulikuwepo.

Mwanao


Folio 3
Chumba 14
19 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako mwache na paji lake, angalau miwani imetoka kabatini. Huyo mtoto aliyemng'ata nesi ni wa ukoo wetu, hakuna haja ya vipimo.

Nimefanya mtihani wa kwanza wa Takwimu. Nimepata kumi na moja. Ningekwambia kumi na moja kati ya ngapi, lakini karatasi ni fupi. Msichana wa vipuli ananifundisha jioni kwa kutumia maharage, mimi namsahihishia barua zake za kuomba kazi. Barua ya mwisho ilianza "Mambo vipi Mkurugenzi".

Muhula ujao kuna andiko lenye uzito wa nusu ya alama zote, na mada nimeshachagua: kwa nini majalada hulala. Nataka kuwaonyesha hawa wasomi ofisi inayotembea. Nichukulie majalada arobaini kutoka vijumbani, yale ya zamani kuliko yote. Kila moja andika lilipoingia, tarehe ya kuletwa, na siku lilizolala. Yape namba, moja hadi arobaini.

Kuhusu Dada Chapu, usimlilie sana. Aliniuliza mara nyingi habari za kuthibitishwa kwake. Kila mara nilitazama rafuni, jalada lake sikulikuta, nikamwambia liko kwa wakubwa. Na kama mtu wa rika lake nilimwambia ukweli: mtu akikaa muda wote huo, ajiangalie, kuna mahali hajawaridhisha. Akasema, "Sawa, Bi Masjala." Tangu siku hiyo akawa anafika kazini saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mlinzi wa mchana. Basi maneno yangu hayakupotea bure.

Shangazi yako


Folio 4
Masjala
2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya, Januari na Februari zimepita kama upepo. Mtoto sasa ana meno manne, mawili juu na mawili chini, na haya ya juu yana mwanya ambao baba anadai ni wake, bibi anadai ni wa marehemu babu, na wifi anadai si wa mtu yeyote bali wa mtoto mwenyewe, jambo ambalo limeleta mjadala wa siku mbili. Aliota la kwanza la juu siku ya Jumanne akiwa ameshika kijiko. Kaka alikuwa anapaka ukuta wa sebuleni rangi, akateremka ngazi mbio kuja kuona, akakanyaga kopo. Sakafu imebaki na unyayo wa buluu na wifi amekataza isisuguliwe. La pili lilitoka siku tisa baadaye, safari hii bila hasara. Bibi anasema mtoto mwenye mwanya huwa msemaji, na baba anasema tuna wasemaji wa kutosha.

Orodha ya majalada naiambatisha. Natumaini itakusaidia. Dada Chapu hajambo, anakusalimu.

Mwanao


Folio 5
Chumba 14
10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ukurasa mzima juu ya meno, na mtoto ana meno manne.

Orodha yako ina mistari thelathini na tisa. Inatoka 17, inakwenda 19. Ulipofika mwisho ukaandika 40 kwa mkono mzito, kama mtu anayefunga mlango kwa bega. Mimi nimeishi na karatasi muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume. Najua namba iliyosahaulika na najua namba iliyofichwa.

Niletee 18.

Shangazi yako


Folio 6
Masjala
22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, na leo sina habari za meno.

Namba 18 ni jalada la Dada Chapu. Nililikuta tarehe 31 Januari katika kijumba cha 31, chini kabisa, limeshapinda kufuata mbao. Ndani kila kitu kipo: taarifa ya mwaka wake wa majaribio, kauli ya Mkuu wa wakati ule, na barua ya kumthibitisha imeshachapwa, imebakia saini tu. Mkuu aliagiza aletewe "mwisho wa Septemba". Na kwenye kona, kwa penseli, kwa mwandiko wako unaosomeka, imeandikwa 31/9.

Septemba ina siku thelathini, Shangazi. Kila mwezi wenye tarehe 31 ulifungua kijumba hicho, ukaona hili ni la Septemba, ukaliacha lilale. Septemba ikifika, inaisha kijumba hicho hakijafunguliwa. Imekwenda hivyo miaka sita. Mimi mwenyewe ningeliacha, kama si hii orodha yako iliyonilazimisha kulishika.

Nilinyamaza kwa sababu sikujua nikuandikie vipi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, sakafuni mwa masjala, mkiwa bado jengo la zamani, kwa bahasha kuukuu. Nilitamani jambo hili limkute mtu mwingine.

Mkuu wa sasa yuko tayari kusaini, lakini anataka karatasi moja: maelezo ya nini kilichelewesha barua, yatiwe saini na aliyekuwa na masjala. Nimefikiri hivi. Ofisi iliwahi kuhama jengo la zamani. Naweza kuandika kwamba jalada lilipotea wakati wa kuhama, wewe utie saini tu. Hakuna atakayeuliza. Kila mtu anajua ukirudi na shahada wewe ndiye Mkuu wa Kumbukumbu, na sitaki kosa hili liwe la kwanza kusomwa katika jalada lako. Niambie nifanyeje.

Mwanao


Folio 7
Masjala
12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Dirisha linafungwa tarehe 30. Dada Chapu amejaza fomu tena, ya sita sasa, kwa kalamu aliyoazima kwa mhasibu, akanipa niiambatishe. Nimeiweka chini ya kioo cha meza ili nisiache kuiona. Bibi anakusalimu.

Mwanao


Folio 8
Chumba 14
16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na samahani kwa kukuweka roho juu.

Siku tatu za kwanza nilikukasirikia wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa karibu. Kisha nikamkasirikia Mkuu mstaafu: mtu mzima anaandikaje "mwisho wa mwezi" badala ya kutaja tarehe? Baada ya hapo nikaishiwa na watu. Nikaazima kalenda ya msichana wa vipuli, nikahesabu Septemba kwa kidole, siku moja moja. Nikarudia tena.

Nimelia, mwanangu. Nililia bafuni na bomba nimelifungulia, wasichana wasinisikie. Cheo ningeweza kukikosa na chakula kikapita kooni. Kinachoniuma ni kwamba alinijia mimi, mara zote, na mimi nikamwambia ajiangalie.

Habari ya kuhama iache. Tulihama Juni ya mwaka ule, jalada lilipewa tarehe hiyo ya kuletwa mwezi Agosti, mwenye macho ataziweka karatasi mbili pamoja na wewe utaumbuka kabla hujamaliza hata mwaka wa mafunzo. Na hata asipokuwepo wa kuona, uongo ukishapigwa namba hautoki tena ndani ya jalada. Dokezo langu limo humu, la mistari minne. Nimeandika kwamba jalada lilitakiwa mwisho wa Septemba, mimi nikaliwekea tarehe 31 ambayo haipo, kosa ni langu peke yangu, na mtumishi huyu hakuwahi kuwa na upungufu wowote. Nimetia saini jina zima. Mpe Mkuu mkononi, usilipitishe kwenye trei.

Naomba jambo moja. Dada Chapu usimweleze sababu. Nitamwambia mimi, ana kwa ana. Nimekaa maisha yangu yote nikisema kila jambo la maana linataka karatasi, lakini hili nikimwandikia nitakuwa nimemkimbia.

Andiko langu limetimia arobaini.

Shangazi yako


Folio 9
Masjala
4 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pumua.

Mkuu alisoma dokezo lako, akaivuta kalenda ya mezani, akafungua Septemba, akaitazama, akaniita nami niitazame. "Ameandika mwenyewe, bila kuambiwa?" Nikasema ndiyo. Akasaini pale pale. Kisha akaagiza vijumba vyote vikaguliwe, na tumekuta jalada jingine la tarehe 30 Februari, ila hilo ni la kuagiza mafagio na mwandiko si wako. Dokezo lako limewekwa kwenye jalada lako, hilo siwezi kukuficha. Mhasibu ameshaanza kuuliza nani atakuwa Mkuu wa Kumbukumbu.

Maombi yalitoka hapa tarehe 26, nikayapeleka mwenyewe kwa mkono.

Dada Chapu nilipompa barua ya kuthibitishwa aliisoma mara mbili. Aliona kwamba inaanzia miaka sita iliyopita, akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia Bi Masjala ndiye atakayemweleza. Akafikiri, akasema, "Basi nitamuuliza nikifika," kama mtu ambaye ameshakata tiketi. Nakuambatishia nakala ya kauli ya Mkuu wa zamani. Nadhani utaihitaji.

Baba anataka kujua kama mkono wa begi umekatika.

Mwanao


Folio 10
Chumba 14
11 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie baba yako mkono wa begi umekatika. Haujakatika, lakini mpe furaha, ameingoja mwaka mzima. Nimefurahi umepata kituo chako cha kazi, nami nimefurahi zaidi kwamba umewaachia vijumba vyangu kama ulivyovikuta, pamoja na ile kalenda uliyoibandika mlangoni mwa kabati.

Takwimu nimepata C, C yenye afya na mashavu. Andiko lilisomwa mbele ya darasa. Mhadhiri akauliza kama kuna anayeweza kukisia mtunza masjala wa jalada namba 18 alikuwa mtu wa namna gani. Mmoja akasema mzembe, mwingine akasema labda hakusoma. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Alikuwa hodari, na alikuwa anajua kwamba ni hodari." Nikawaambia ni mimi. Msichana wa vipuli akasogeza kiti chake karibu na changu.

Dada Chapu alifika Jumatatu alasiri. Nilimpokea langoni, nikabeba begi lake mpaka ghorofa ya nne, yeye akinisihi nimwachie. Kitanda cha pili chumbani kilikuwa wazi, nimemwombea apewe yeye. Sikumngoja apumzike. Najijua, ningesema kesho, na kesho ningesema kesho. Nikamketisha, nikamweleza yote: penseli, kijumba, Septemba. Nikamwambia na lile neno la kujiangalia, kwamba sikuwa na haki ya kulisema, na kwamba namwomba anisamehe kama moyo wake utaruhusu.

Nikampa ile nakala ya kauli ya Mkuu wa zamani. Alifuta mikono kwenye sketi kwanza, ingawa ilikuwa mikavu, akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Mtumishi huyu anafaa sana. Athibitishwe." Akaniuliza imeandikwa lini. Nikamwonyesha tarehe. Akaitazama hiyo tarehe kwa muda mrefu.

Kisha akasema taratibu, bila hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika: "Bi Masjala, mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili nifae."

Nikamsaidia kutandika kitanda. Alipolala akaweka ile karatasi chini ya mto, akaniambia kwamba kipindi chake cha kwanza ni saa nne, nisimwamshe mapema. Alilala mpaka saa tatu asubuhi. Mimi nilikaa kwenye kiti na kitabu changu, nikifunua kurasa polepole zisipige kelele, na kila msichana aliyepita koridoni akizungumza nilitoka nikamwambia anyamaze.

Shangazi yako